Upepo wa Njia za Panya

Mhariri ametuomba safari hii tuandike juu ya maisha yetu ughaibuni, na najua wengi mtaandika juu ya baridi, chakula, na kuwakumbuka wazazi. Mimi naomba ruhusa niandike juu ya gari. Si langu. Ni la dada yetu wa Bukavu, na kila mwanachama aliyewahi kula ugali kwenye sherehe zetu ananufaika nalo, maana ndilo linalotupeleka Columbus kununua unga, muhogo na dagaa. Walimu wetu husema kila mara kuwa Kiswahili kinaweza kubeba fani yoyote. Sawa. Nimeona niijaribu kauli hiyo kwa tabo na sensa ya hewa, vitu ambavyo huzungumzwa kwa Kiswahili kila siku pale Gerezani, Dar es Salaam, ila huandikwa kwa nadra.

Gari lenyewe ni la Kijapani, milango mitano, la mwaka 2006, injini ya petroli ya lita 2.5 yenye tabo. Dada alilinunua kwa mtu likiwa limeshatembea maili 131,000. Mchana anasoma uuguzi, na siku nne kwa wiki hufanya kazi ya usiku katika nyumba ya wazee iliyo maili 38 kutoka hapa, kwenye barabara ya mashamba matupu ambako hata simu hukata. Mwezi wa Januari taa ya injini iliwaka. Gari likisimama njia panda lilikuwa linatetemeka, sailensi inapanda na kushuka kama kichwa cha mtu anayesinzia. Akipanda kilima, moshi mweusi nyuma. "Kaka, motokari haiko na nguvu tena," akaniambia.

Gereji moja ililipima kwa mashine, ikapata msimbo P0171, ikamwambia sensa ya hewa imekufa: dola 420 pamoja na ufundi. Fedha hizo alikuwa nazo. Zilikuwa ada ya mdogo wake, zimeshahesabiwa, zinasubiri kutumwa Bukavu. Akaniomba tukae tulitazame jambo hili kabla hajazilipa, kwa sababu aliwahi kunisikia nikisimulia kwamba nimekulia kwenye gereji ya mjomba wangu, nikimshikia tochi.

Nianze na huo msimbo, maana ndio unaowatia watu hasara. P0171 maana yake ni kwamba injini inapata mafuta machache kuliko hewa iliyomo, na kompyuta ya gari imejitahidi kuyaongeza mpaka imekaribia kikomo chake. Basi. Hautaji sensa, hautaji pampu. Ni kama mtoto anayerudi kutoka shule na kusema ana njaa: unajua ana njaa, lakini hujui kama hakupewa chakula, alikimwaga, au kuna mwenzake aliyemnyang'anya. Sidhani fundi yule alikuwa mwizi. Sensa ya hewa kweli ni mojawapo ya sababu za msimbo huo, tena ya kawaida. Ila alisoma jina la ugonjwa akaandika dawa bila kumgusa mgonjwa, na kwenye gari lenye tabo kubahatisha namna hiyo ni ghali.

Tuelewane kwanza kinachopimwa ni nini. Hewa inayovutwa na injini hupita kwenye kichujio, halafu kwenye sensa, ambayo mafundi wengi wa kwetu huiita eaflo. Ndani yake mna waya mwembamba unaopashwa moto kwa umeme. Hewa ikipita inaupoza, kama unavyopuliza uji kwenye kijiko, na kiasi cha umeme kinachotakiwa ili waya urudi kwenye joto lake ndicho kinachoiambia kompyuta ni gramu ngapi za hewa zimepita kwa sekunde. Kompyuta inapiga hesabu. Kwa petroli tupu, gramu 1 ya mafuta inataka takriban gramu 14.7 za hewa ili viungue vyote pasibaki kitu. Basi inafungua nozeli kwa muda unaolingana na hesabu hiyo. Kisha huko kwenye ekzosi kuna sensa nyingine, ya oksijeni, ambayo kazi yake ni kunusa moshi. Ikikuta oksijeni imebaki, mafuta yalipungua. Isipoikuta, mafuta yalizidi. Kompyuta husikiliza taarifa hiyo na kurekebisha.

Marekebisho hayo huandikwa kwa asilimia, na ni ya aina mbili. Yapo ya papo hapo, yanayocheza juu na chini kila dakika gari linapokwenda. Na yapo ya muda mrefu, ambayo ni mazoea: kompyuta ikiona kila siku inaongeza mafuta, inaamua kuongeza tangu mwanzo, kama mama anayejua mgeni fulani hushiba kwa sahani mbili. Ukiyajumlisha hayo mawili unapata hali halisi. Tano juu au tano chini ya sifuri, hakuna wa kulalamika. Namba ikiwa chanya na kubwa, kompyuta inaongeza mafuta kuliko ilivyotarajia. Ikiwa hasi, inapunguza. Magari madogo yote yanayouzwa Marekani tangu ya mwaka 1996 yana soketi chini ya usukani ambamo namba hizi husomwa, na kifaa cha kuzileta kwenye simu ni kama dola 20. Nadhani hakuna dola 20 zenye faida zaidi kwa mwanafunzi mwenye gari kuukuu, na hapo nahesabu hata vitabu vya kozi. Walimu wanisamehe.

Sasa tabo. Wazo lake ni la zamani. Alfred Büchi, mhandisi wa Uswisi, alilipatia hataza mwaka 1905. Moshi unaotoka injini, badala ya kupotea bure, unazungusha gurudumu dogo. Kwenye fimbo hiyo hiyo kuna gurudumu la pili linaloshindilia hewa kuingia injini. Mizunguko yake inaweza kupita 100,000 kwa dakika. Lakini kwa habari yetu, jambo kubwa ni safari ya hewa. Kutoka sensa inapita kwenye hosi hadi tabo, kutoka tabo hadi intakula inakopozwa, kutoka hapo hadi throto, yaani mlango unaofunguka ukikanyaga mafuta, na baada ya throto ni manifoldi, ambamo kila silinda inachota hewa yake. Kila kiungo kina mpira na klipu, na kila mpira huzeeka. Sehemu iliyo kabla ya tabo huvutwa tu. Sehemu iliyo kati ya tabo na throto husukumwa. Manifoldi peke yake hufanya yote mawili kwa zamu: gari likiwa sailensi, ndani yake mna mvuto mkali, shinikizo ni kama theluthi moja ya lile la nje, tabo ikianza kusukuma, shinikizo linakaribia mara mbili ya la nje.

Usiku ule nilimpigia Mjomba. Saa 4 usiku ya hapa, wakati wa baridi, ni saa 12 asubuhi Dar, na yeye huwa ameshafungua.

"Shikamoo, Mjomba."

"Marahaba, mpwa wangu. Mbona mapema hivi, kuna mgonjwa?"

"Mgonjwa ni gari."

Akacheka, akataka nimweleze. Nilipofika kwenye ile habari ya kubadilisha sensa alinikatiza. "Sensa ni afisa forodha," akasema. "Amekaa Namanga anahesabu mizigo. Mzigo ukipita mbele yake, ameuandika. Ukipita njia ya panya, sokoni utaukuta, kwenye daftari lake haumo. Sasa nyinyi mnataka kumfukuza afisa. Kwanza mmezitazama njia za panya?"

Nimesoma maelezo mengi ya Kiingereza juu ya hewa isiyopimwa, lakini sijaona yanayoifikia Namanga ya Mjomba. Upepo wa njia za panya: ndio huo.

Asubuhi yake tuliliwasha gari la dada likapata moto, tukachomeka kifaa. Sailensi: marekebisho ya papo hapo +6, ya muda mrefu +23, jumla +29. Sensa ilikuwa inahesabu gramu 2.3 za hewa kwa sekunde. Mafundi wana kipimo cha haraka, kwamba injini yenye afya ikiwa sailensi huvuta gramu zinazokaribiana na ukubwa wake kwa lita, au kuzidi kidogo. Kwa hiyo 2.3 ilikuwa ndogo kidogo kwa injini ya 2.5, si ya kutisha. Nikamwambia dada akanyage kidogo, mizunguko 2,500, gari limesimama. Jumla ikashuka hadi +10. Tukaingia barabara kuu, mwendo wa maili 60. Jumla ikawa +4.

Hapo ndipo sensa ilipoanza kuonekana haina hatia. Tuchukulie kuna tundu linaloingiza gramu 0.7 kwa sekunde kwa siri. Gari likiwa sailensi silinda zinataka gramu 3. Sensa imeona 2.3 tu, 0.7 juu ya 2.3 ni asilimia 30. Gari likiwa barabara kuu linavuta gramu 20 hivi, 0.7 ile ile haifiki asilimia 4. Magendo hayajabadilika, ila biashara halali imekuwa kubwa mpaka magendo hayaonekani. Sensa iliyochafuka haina tabia hiyo. Waya uliopakwa vumbi haupozwi vizuri na hewa nyingi, kwa hiyo husema uongo mkubwa zaidi kadiri unavyokanyaga, na marekebisho hupanda kwa mzigo badala ya kushuka. Mara nyingine sensa chafu huhesabu zaidi gari likiwa sailensi na pungufu likiwa na mzigo, yaani hasi kwanza kisha chanya. Sisi tulikuwa na kinyume chake kabisa.

Lakini kulikuwa bado na ule moshi mweusi kilimani, na moshi mweusi ni mafuta yaliyozidi. Inakuwaje injini moja iwe na njaa imesimama na ivimbiwe ikipanda? Kumbuka pia kwamba mlimani namba za simu hazisaidii sana: tabo ikisukuma kwa nguvu, kompyuta huacha kuisikiliza sensa ya oksijeni na hufuata hesabu yake yenyewe, ikiongeza mafuta makusudi ili kupoza silinda. Inabidi utumie macho na pua. Jibu liko kwenye zile zamu za manifoldi. Tundu likiwa kabla ya tabo, lingekuwa linaingiza tu, na kilimani gari lingezidi kukosa mafuta. Likiwa kati ya tabo na throto, gari likiwa sailensi lisingeonekana sana, maana pale shinikizo ni karibu sawa na la nje. Likiwa baada ya throto, hunyonya hewa ya magendo gari likisimama, na tabo ikisukuma huimwaga nje hewa ambayo afisa ameshaiandika. Mafuta yanatolewa kwa hesabu ya mzigo ulioporwa njiani. Mahali pamoja, maradhi mawili. Dada alinisikiliza mpaka mwisho, akasema kwao kuna wagonjwa wa namna hiyo, homa na baridi kwa pamoja, na wote huwa wanatibiwa kitu kimoja.

Kuna watu hutafuta tundu kwa kupulizia dawa inayowaka huku injini inaunguruma. Kwenye gari lenye tabo, ambalo sehemu zake za moshi hupata moto mkali sana, siwezi kumshauri mtu afanye hivyo. Sisi tulikwenda Jumamosi kwa mzee mmoja jirani, mkulima mstaafu mwenye banda na pampu ya upepo. Tulichukua kifuniko cha bomba la plastiki tukakitoboa na kukitia vali ya tairi, tukaziba nacho mdomo wa hosi inayoingia kwenye tabo, injini imezimwa na imepoa, tukajaza upepo polepole mpaka pauni 10 na si zaidi. Sauti ya kupumua ilisikika papo hapo, lakini bandani sauti hutoka kila upande. Nilikuwa nachanganya maji ya sabuni dada alipofungua mkoba wake akatoa stetoskopu.

Alipita nayo kwenye mipira kama anavyofundishwa kupita kifuani kwa mgonjwa, juu kushoto, juu kulia, chini kushoto, bila haraka. Akasimama. "Huku," akasema, akionyesha chini ya intakula, mahali ambapo kwa macho huoni kitu. Tulilegeza boliti, tukainua intakula. Chini yake kulikuwa na mpira mfupi wa urefu wa kidole unaotoka kwenye manifoldi, umekauka na kuwa mgumu kama ganda la mti, na upande wake wa chini umepasuka. Ukiubonyeza, mpasuko unafunguka kama mdomo. Maji ya sabuni yakatoa povu kubwa. Mpira mpya na klipu mbili: dola 4 na senti kadhaa.

Jumatatu ada ikatumwa Bukavu. Tulifuta msimbo, na baada ya siku chache kompyuta ikaacha mazoea yake: jumla +2 gari likiwa sailensi, sensa ile ile iliyohukumiwa kifo ikihesabu gramu 3.0. Moshi umeisha. Sensa bado imo mpaka leo.

Nisije nikawafanya mdhani sensa ya hewa ni mtakatifu. Hufa, na huchafuka zaidi kuliko kufa. Anayeendesha kwenye vumbi la Dodoma na kichujio kibovu ataijua. Vichujio vile vya kuoshwa na kupakwa mafuta, vikipakwa kupita kiasi, huurushia waya ukungu wa mafuta. Dawa yake ni ile ya kopo iliyotengenezwa kwa ajili ya sensa hizo, unapulizia na kuacha ikauke bila kuugusa waya kwa kidole wala kitambaa. Ni vizuri pia kujua kama gari lako linayo. Baadhi ya Toyota za miaka ya 1990, ambazo Mjomba amezifungua kwa mamia, hazihesabu hewa inayoingia bali hupima shinikizo ndani ya manifoldi. Kwa hizo, upepo wa njia za panya huonekana na kupewa mafuta yake, na dalili huwa ni sailensi kupanda juu. Ndiyo maana ushauri wa fundi mzuri wa gari moja unaweza kuwa sumu kwa gari jingine.

Habari zilipoenea chamani akaja mdogo wetu wa darasa la mwaka wa kwanza, Mmarekani, naye ana gari la tabo. Lake lilikuwa na mtihani tofauti: +3 sailensi, +8 mwendo wa kawaida, +14 akiongeza mzigo. Nikauliza kama amesafisha sensa. Ameisafisha. Ameinunua hata mpya. Kufungua boneti tu nikaona bomba linalong'aa, nene kuliko la kiwandani, alilolifunga mwenyewe kwa ajili ya nguvu. Sensa ile hupima sehemu ndogo tu ya hewa, ile inayogusa waya, na kompyuta imekariri upana wa bomba la awali. Panua bomba, hewa ile ile itapita taratibu zaidi mbele ya waya, na afisa ataandika mzigo mdogo. Hakuna kilichoharibika, amebadilishiwa lango bila kuambiwa.

Huyu ndiye aliyenitia hofu kuliko dada. Mafuta kupungua gari likiwa sailensi ni usumbufu. Mafuta kupungua tabo ikisukuma ni moto: mchanganyiko unalipuka kabla ya wakati wake, unasikia mlio kama kokoto ndani ya kopo, na pistoni inaweza kukatika pale baina ya ringi. Hapo huzungumzii tena dola 420, unazungumzia injini. Nilimweleza hayo kwa Kiswahili polepole, kisha kwa Kiingereza ili nisiwe na deni. Alirudisha bomba la kiwandani siku ile ile, na akiongeza mzigo sasa anapata +3. Kitu alichokataa kukitoa ni vali inayotema hewa nje kila akibadilisha gia, ile ya mlio unaopendwa na vijana wa Nairobi wenye Subaru. Hewa inayotemwa nayo imeshahesabiwa, kwa hiyo kwa sekunde moja mafuta yanazidi, na ekzosi inapiga bastola. Anasema hiyo bastola ndiyo anayoitaka. Nimemwachia Mungu.

Kile kifaa cha dola 20 kimekuwa mali ya chama. Kimo kwenye kabati la ofisi yetu, kando ya sufuria kubwa, ndani ya kopo la chai. Ukikichukua andika jina lako kwenye daftari, na ukikirudisha andika namba zako zote tatu: sailensi, mizunguko 2,500, na barabara kuu. Mjomba ameomba nimsomee kila Ijumaa.